Bei ya Kufungua

Kwetu, mteja wa kwanza wa asubuhi harudishwi. Muuzaji aliyetandika gunia lake pale soko la Kombani na kupanga mafungu yake, akimwona mtu wa kwanza amesimama mbele yake, atamwuzia hata kama hapati faida. Akitajiwa bei ndogo ataguna, atatazama pembeni kidogo, halafu atasema, "Haya, nifungulie." Pesa ile ataipitisha juu ya bidhaa zake, fungu kwa fungu, midomo ikisoma bismillahi, ndipo aifunge kwenye pindo la leso. Hapo biashara imefunguka. Mteja wa pili atalipa wanavyolipa watu wote, wala hatalalamika kwamba mwenzake alipewa kwa bei ya chini, maana kila mtu anajua ile ilikuwa ya kufungulia.

Jambo hili nililijua kabla sijajua kusoma. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Alikuwa akiuza ndimu. Alinibeba mgongoni hadi sokoni, na haukupita muda wanawake wenzake wakasema mtoto huyu ana mkono wa heri. Siku nikigusa mimi fungu la kwanza, mauzo yalikwenda mbio. Basi wakaanza kuniazima. Walinitia sarafu yao wenyewe mkononi ili niwanunulie bidhaa yao wenyewe, kisha wakacheka. Mmoja alikuwa akimwambia dada yangu, "Mwanao huyu jana alinifungulia, wateja wakanishika hata haja ndogo sikupata kwenda."

Kwa ndimu zile nilisoma mpaka kidato cha nne. Dada yangu hakusoma hata darasa moja, ila nambari alizifahamu.

Nayaeleza haya mwanzo ili ieleweke kwamba niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kutojua.

Nilikaribia miaka hamsini nilipoiona kompyuta kwa karibu. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani, kazi ya kupokea magunia na kukagua mayai. Kisha ukaja ule mwaka wa vurugu, majirani zetu wa bara wakakimbia na masanduku vichwani, wageni wa ng'ambo wakaacha kuja, na hoteli zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Tuliambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Mimi sikuitwa.

Kazi niliipata Ukunda, kwa mwanamke mmoja wa bara ambaye hakukimbia. Alikuwa na ofisi ya simu, faksi na kupiga chapa, chumba kimoja chenye pangaboi lililolia kama kuku anayetaga. Mimi nilimzidi umri, yeye alinizidi ujasiri. Aliniita mzee, nami nilimwita mama ingawa ningeweza kumzaa. Baada ya miezi michache alileta mtandao. Siku zile kompyuta iliunganishwa kwa simu mpaka Mombasa, na kabla haijaunganika kijisanduku chake kilikoroma na kupiga kelele hadi wateja wa faksi wakaziba masikio. Laini ilikuwa safi asubuhi mapema tu. Jua likishapanda, watu wakaanza kupigiana simu, ilikatika katikati ya kazi na yote yakapotea.

Mgeni mmoja alikuwa ameacha pale kitabu kinene cha kufundisha kutengeneza kurasa za mtandao. Nilikisoma polepole, kamusi ubavuni, kama nilivyosoma Biolojia zamani. Kurasa ziliandikwa kwa alama, moja moja, kwa mkono. Ukisahau alama moja ndogo, ukurasa mzima unajikunja kama mkeka. Nilipofaulu kuweka neno "Karibu" katikati ya kioo, kwa rangi ya buluu, nilitoka nje nikasimama barabarani nikitazama watu waliokuwa wakipita bila kujua chochote. Nilikuwa na furaha ambayo mtu wa umri ule hapaswi kuwa nayo.

Wazo la bei lilitoka kwa dada yangu. Wakati ule alikuwa bado na gunia lake Kombani, na amekuwa mkubwa pale. Wanawake waliotelemka na mizigo kutoka vijiji vya ndani walimletea yeye kwanza. Siku moja nilimkuta amenuna. Dalali wa Mombasa alikuwa amekuja akawaambia kwamba Msambweni ndimu zimejaa hadi zinaoza, akanunua zao kwa bei ya kutupa. Siku ya pili yake wakasikia kwamba Msambweni hakukuwa na ndimu hata ya kutia kwenye mchuzi.

"Laiti mtu angekuwa na jicho moja Msambweni na jicho moja Ukunda," dada alisema.

Nikafikiri kwamba jicho hilo ninalo mimi. Ningetengeneza websaiti ya bei. Kila siku ningeandika bei ya ndimu, nazi, bamia, nyanya, mchicha na ndizi, Kombani, Ukunda na Msambweni, na za siku zilizopita nisizifute, ili mtu aone bei imetoka wapi na inaelekea wapi. Dalali akija na hadithi zake, atajibiwa.

Mama mwenye ofisi aliponisikia alipiga meza kwa kiganja. "Mzee, hiyo kitu itauza. Hoteli zinafunguliwa tena, na zote zitaitaka."

Mimi nilisikia kwamba itauza. Kuhusu hoteli sikutia maanani. Sikujiuliza ni mwanamke gani wa Kombani mwenye kompyuta juu ya gunia lake.

Aliniwekea sharti moja, nalo lilionekana la haki. Alisema mtu ukimwuliza bei tu atakudanganya, kwa hiyo niandike bei iliyolipwa, si iliyotajwa. Ninunue kidogo cha kila kitu, nilicholipa ndicho niandike. Bei za Msambweni nililetewa kwa simu na mwenye duka mmoja, jioni, baada ya soko kuvunjika. Za Ukunda nilizinunua nikielekea ofisini, na Ukunda huamka mapema kwa sababu ya wafanyakazi wa hoteli. Nilipofika mimi, biashara ilikuwa imeshafunguka zamani. Lakini Kombani ndiko nyumbani. Ili niwahi laini ya simu, nilipita sokoni mara tu baada ya sala ya alfajiri, wanawake wakiwa ndio kwanza wanakung'uta magunia yao.

Na waliniita. Walikuwa hawajausahau mkono wangu. "Kaka, nianzie mimi leo." "Karani, usinipite, jana ulimfungulia mwenzangu akamaliza nazi zote." Fungu la ndimu la shilingi kumi nilipewa kwa sita. Nazi nilipewa kwa bei ya kifuu. Nililipa, nikaandika, nikaenda kwa fungu linalofuata. Nyumbani tulikula bamia mpaka mke wangu akasema hiyo kompyuta nayo ijifunze kula.

Ndimu nilizinunua kwa dada yangu. Kila siku nilimfungulia yeye kwanza, na bei ya ndimu iliyokuwa kwenye ukurasa ule ilikuwa bei yake.

Ukurasa ulipendeza, na hilo siwezi kulikana hata sasa. Nilijifunza kupaka rangi vijisanduku nikavipanga kimoja juu ya kingine, kila siku ikawa na kijiti chake: Msambweni kijani, Ukunda njano, Kombani nyekundu. Ukivitazama kwa mbali vilikuwa kama miche ya mahindi shambani. Chini kabisa niliandika jina langu, na chini ya jina nikaandika "Bei za kweli." Nilikaa na maneno yale mawili asubuhi nzima, nikiyasogeza kulia na kushoto hadi yakakaa sawa.

Dada yangu aliuona ukurasa huo mara moja tu. Alikuja Ukunda kununua magunia, akapita kunisalimu. Mama mwenye ofisi alimwamkia shikamoo, akampa kiti, naye akakaa ukingoni mwa kiti kile akiogopa kukichafua. Nilimwonyesha vijiti. Alivitazama kwa muda mrefu, akasogea karibu na kioo.

"Hivi vyekundu ndio sisi?"

"Ndio nyinyi. Kombani."

"Mbona sisi tumedumaa?"

Nilimweleza kwamba vijiti vifupi maana yake ni bei nafuu, Kombani ni rahisi kuliko kwingine. Akatikisa kichwa.

"Kombani si rahisi. Wewe ndiye unayetufungulia." Akaniangalia. "Umeandika kwamba hii ni bei ya kufungua?"

Nilicheka. Ndicho nilichofanya, nilicheka mbele ya mwenye ofisi. Nikamwambia, "Dada, kompyuta haisemi uongo. Imeandika nilicholipa."

"Kompyuta haikuzaliwa Kombani," akasema. Kisha akafunga leso yake vizuri, akamshukuru mwenyeji kwa kiti, akaenda zake na magunia yake. Alikuwa hana hasira. Alidhani nimesikia.

Ningeweza kuliandika siku ile ile. Ilikuwa mstari mmoja, maneno manne au matano chini ya vijiti vyekundu. Lakini maneno hayo yangekaa karibu na "Bei za kweli," na mtu angesoma yote mawili kwa pamoja. Nilijiambia nitaandika kesho.

Mwisho wa mwaka nilioanzisha ukurasa ule, hoteli moja kubwa ya Diani ilikuwa inafunguliwa upya kwa ajili ya msimu wa Krismasi, na ilitafuta mtu wa kuiletea mboga na matunda kila siku. Dada yangu aliitwa. Ilikuwa riziki ambayo hakuwahi kuipata maishani. Alizunguka vijiji vya ndani, mpaka kule kukavu wanakochunga mbuzi na kulima mihogo baina ya mawe, akawaambia wanawake wasimwuzie dalali, wamletee yeye. Hoteli itanunua yote, na bei itakuwa ya haki. Aliwapa neno lake. Watu wa kule humfahamu mtu kwa neno lake.

Akaniomba niende naye siku ya kupatana bei. Nilikuwa nimefanya kazi hotelini, alisema, nilijua namna wanavyozungumza. Tulikwenda na pikapu ya kukodi imejaa mzigo wa kwanza, na wanawake wawili wakikaa juu ya vikapu kuvishika visianguke. Wao walibaki nje getini. Sisi tukaingizwa ofisi ya mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa kijana wa bara, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Alituagizia soda. Dada alitaja bei zake, moja moja, bei za soko za kila siku, hata hakuongeza nauli. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavuta droo, akatoa karatasi akaiweka mezani. Ilikuwa ukurasa wangu, umechapwa. Vijiti vyekundu vilikuwa vimetoka vyeusi, lakini nilivijua.

"Mama, wewe ni wa Kombani," akasema. "Na bei ya Kombani ni hii. Miezi mitatu haijawahi kufika hapo unaposema." Kisha akanigeukia akitabasamu. "Mzee, si hii ni kazi yako? Jina lako liko hapa chini. Kazi safi sana. Nimeongea na yule mama wa Ukunda, tutakuwa tunailipia kila mwezi."

Dada yangu hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Aliweka mikono juu ya mapaja, akiningoja nifungue mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: hizi ni bei za mteja wa kwanza, bwana, kwetu kuna ada hii, usizifuate. Kijana yule alikuwa msikivu, na ninaamini angenielewa. Lakini alikuwa ametoka kunisifu. Nilikuwa nimeachishwa kazi na hoteli kama ile, nimekaa tena katika kiti cha hoteli nikiitwa mtu wa kazi safi, na maneno yale yangeifanya kazi nzima ionekane upuuzi wa mzee wa kijijini.

Nikasema, "Ndiyo. Ni bei zilizolipwa."

Na zilikuwa zimelipwa kweli. Hilo nililishika kwa miaka mingi kama mtu anayeshika mpini wa jembe lililokwisha kuvunjika.

Dada akageuka, yeye mwenyewe akamweleza kijana. Alimweleza kwa upole, mteja wa kwanza ni nani na kwa nini hupewa vile. Kijana akacheka, si kwa dharau, kama mtu anayesikia kitu kipya. "Mama, hapa hatununui na baraka, tunanunua na risiti. Ndugu yako mwenyewe amesema."

Nje getini jua lilikuwa limeshapanda. Mchicha kwenye pikapu ulikuwa umeanza kulala, na wanawake wale wawili walikuwa wakiunyunyizia maji kwa viganja kutoka kwenye chupa yao ya kunywa. Dada aliwaona kupitia dirisha. Akakubali.

Tulipofika Kombani, wanawake walimzunguka wakiuliza imekuwaje. Akawaambia hoteli imekubali. Akawalipa kila mmoja bei aliyomwahidi, bei ya haki, kutoka kwenye pindo lake, na upungufu akaubeba yeye. Nilidhani ni kwa siku ile tu. Lakini kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Alikuwa ametoa neno lake kwa watu, na hakuona njia ya kulirudisha. Mbuzi wake waliondoka kwanza, mmoja mmoja. Kisha vipuli vya dhahabu alivyovaa tangu harusi yake. Nilimwona siku moja na vijiti vya ufagio vimepenyezwa kwenye matundu ya masikio ili yasizibe.

Alikuja kwangu nyumbani mara moja tu kuhusu jambo lile. Hakukaa kitako.

"Mdogo wangu, sikuombi uifute kazi yako. Andika tu kwamba ni bei ya kufungua. Wakisoma wenyewe wataamini, mimi nikisema hawaniamini."

Nikamwambia nitaandika. Alinishukuru, na shukrani ile ndiyo inayonirudia zaidi ya yote. Sikuandika. Nilimwogopa mwenye ofisi, ambaye angeuliza miezi yote ya nyuma tuliandika nini. Nilihofia kuikosa ile pesa ya kila mwezi. Na zaidi niliogopa ukurasa wangu usionekane mbovu. Badala yake nilijaribu hila. Nikaanza kuchelewa sokoni, ninunue baada ya mwingine, bei ipande yenyewe bila mimi kukiri kitu. Lakini nikichelewa, laini ya simu ilikatika, na ukurasa ukabaki na bei za jana. Mwenye ofisi akanigombeza. Nikarudi alfajiri.

Sasa wanawake walikuwa wamejua. Hakuna aliyenitukana. Yule aliyekuwa akinihimiza nianzie kwake alifunika nazi zake kwa gunia. "Bado sijafungua, karani," akasema, naye amekaa pale tangu adhana. Mwingine, niliyecheza naye utotoni, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mpeni njia bwana mkubwa apite, huenda pumzi zetu nazo ataziandika bei." Wakacheka, lakini si kicheko cha kwanza kile.

Na kuna jambo lililoniuma kuliko kejeli. Wakaacha kumfungulia mtu yeyote. Kwa kuwa hawakujua nani anaandika na nani haandiki, mteja wa kwanza akawa kama wa kumi. Nilimwona bibi mmoja mzee, ambaye kwa desturi yake huja mapema na sarafu zake chache kwa sababu ya huruma ile ya asubuhi, akitajiwa bei ya saa nne. Alirudia kuuliza, akidhani hakusikia vizuri. Kisha akaondoka na kikapu kitupu, polepole. Watu wa aina yake walikuwa wakiishi kwa bei ya kufungua, nami nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo, nikidhani ni mambo ya bahati na nyota tu.

Msimu uliisha, na kazi ya hoteli ya dada yangu ikaisha pamoja nao. Hakubaki na deni la mtu. Alimaliza mali yake. Gunia lake la Kombani akampa mwanamke mwingine, akarudi nyumbani kwake, kando ya barabara ya kupanda Kwale, akawa anaweka mafungu machache ya ndimu kwenye ungo mbele ya mlango.

Ukurasa nao haukuishi sana. Hoteli zilileta mitandao yao, na mwenye ofisi akaona faida imekwenda, akaamua kuhama. Siku ya mwisho, kabla laini haijakatwa, nilikaa mbele ya kompyuta ile nikaandika chini ya vijiti vyekundu: "Bei za Kombani ni za mteja wa kwanza. Si bei za soko." Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Nikautuma, kijisanduku kikakoroma, ukaenda. Hakukuwa na mtu aliyebaki wa kuusoma.

Tangu hapo nilimtembelea dada yangu mara kwa mara, naye alinipokea vizuri kila mara. Nilimwamkia, aliniitikia marahaba, akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, akanipikia uji. Lakini nikiondoka, na nikisema nichukue ndimu kidogo, niuzie fungu hili, alijibu lile lile.

"Chukua tu."

"Dada, niambie bei."

"Chukua tu, mdogo wangu."

Watu wengine wakipita aliwatajia bei, wakabishana, wakapatana. Mimi hakunitajia tena maishani mwake. Nilijaribu kuweka pesa chini ya ungo nikiondoka. Zilirudi kwangu kwa mkono wa mpita njia, zimefungwa kwenye kitambaa kilichokatwa kutoka leso kuukuu, na salamu njema. Nilijaribu kuja mchana, wengine wakiwa wameshanunua. Ilikuwa vile vile. Nilibeba ndimu za bure kila mara, na nyumbani zilikauka juu ya kabati kwa sababu sikuweza kuzikamua.

Alipougua miguu na kushindwa kutoka nje, nilikwenda kukaa naye. Asubuhi moja alinituma nimtolee ungo mlangoni, nimkalie biashara yake. Nikapanga mafungu kama alivyonifundisha, ndimu tatu chini na moja juu. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, anatoka upande wa zahanati. Alitaka fungu kwa nusu ya bei. Nikaita ndani kupitia pazia.

"Dada, anataka kwa nusu."

"Ni wa kwanza?"

"Ni wa kwanza."

"Mpe."

Nikampa. Alinilipa sarafu, nikaipitisha juu ya ndimu fungu kwa fungu, kama walivyoipitisha wanawake wa Kombani nilipowafungulia nikiwa mtoto, nikasoma bismillahi. Nikaingia nayo ndani. Dada alikuwa ameegemea ukuta, amepungua, masikio matupu. Nikaiweka kiganjani mwake, akaifunga kwenye pindo bila kuitazama.

Nikamwuliza, kwa sababu nilijua siku zimebaki chache, "Na ningekuwa mimi ndiye niliyekuja wa kwanza leo, dada, ungeniuzia kwa kiasi gani?"

Alinyoosha mkono akanishika bega, kama alivyokuwa akinishika akinipeleka sokoni. Alikuwa na huruma usoni, ninaapa, na nilidhani atasema.

"Wewe chukua tu," akasema.

Nikarudi nje kwenye ungo. Watu walianza kupita, na mmoja akaniuliza ndimu ni bei gani.